Komwe Haina Mti

"Kama kweli ni mbegu, mbona haioti?"

Swali hilo aliniuliza fundi cherehani wa baraza la kwetu, Kariakoo, akiwa ameibana komwe moja kwa vidole viwili na kuiinua juu kama mtu anayeonyesha ushahidi mahakamani. Wenzake walikuwa wameacha kucheza bao ili wanione nikijibu. Nilikuwa na digrii ya mimea, joho nilikuwa nimelivua juzijuzi tu, na swali hilo halikuwa kwenye mtihani wowote.

"Komwe hizi nimerithi kwa babu yangu," akaendelea. "Zimelowa mvua, zimezama kwenye matope, moja iliwahi kumezwa na mbuzi, tukaipata kesho yake ikiwa nzima. Haijaota hata moja. Komwe haina mti, msomi. Komwe inatoka baharini."

"Kama kokoto," mwenzake akadakia.

"Kama kokoto. Au utatuambia na samaki ana mizizi?"

Wakacheka, na kicheko chao kilikuwa na sababu ya pili. Mtaani pale mimi mwenyewe nilikuwa naitwa Komwe. Paji langu la uso limetokeza mbele na linang'aa, na mtu mwenye paji la namna hiyo watu wa pwani humwambia ana komwe. Mimi mtoto wa Kilimanjaro sikulijua neno hilo mpaka nilipobandikwa, wiki ile ile niliyohamia kwa baba mdogo. Nikadhani maana yake ni paji basi. Sikujua kuwa kabla ya kuwa jina langu lilikuwa jina la kitu cha kushika mkononi, kidogo kama gololi, cha rangi ya jivu, kigumu kuliko jino, na kwamba wanaume wale waliokuwa wakiniita hivyo walikuwa wanazimwaga komwe kwenye mashimo ya bao kila jioni, hatua chache kutoka mlangoni kwetu.

Mimi nilizileta pale barazani nyingine, zangu, nikitaka kuuliza ni mbegu za mmea gani. Nilizipata ofisini, na ofisini ndiko ilikoanzia habari yote.

Miaka ile mtu akimaliza chuo hakutafuta kazi, alipangiwa. Mimi nilisomea mimea nikapangiwa shirika moja la umma lililoshughulika na zana za kilimo, ghorofa ya tatu, mitaa ya Posta, lifti mbovu. Kazi yangu ilikuwa kujibu barua za vijiji. Vijiji vilikuwa vipya, watu walikuwa wamehamishwa kutoka walikokuwa na kuwekwa pamoja, na kila kijiji kiliomba majembe, mabati, seng'enge ya kuzungushia shamba. Nami nilijibu: haipatikani kwa sasa. Siku moja nilimwuliza mkuu wangu kwa nini tusiwaandikie itapatikana lini.

"Ndugu," akasema bila kuinua macho, "ukiwaandikia lini, watakuja siku hiyo."

Niliomba uhamisho kwenda popote penye udongo. Jibu lilikuwa kwamba ninahitajika hapo nilipo. Kuacha tu kazi kulikuwa na hatari yake, kwa sababu mtu mjini asiye na kazi aliitwa mzururaji, na mzururaji alipakiwa kwenye lori akapelekwa kulima. Ajabu ni kwamba mimi nilitamani sana kwenda shamba. Ila si kwa lori lile.

Nyumbani nako kulikuwa na kuta zake. Baba mdogo alikuwa na duka la jumla, mbele ya nyumba, lakini bidhaa zilikuwa zimeadimika hata rafu zikabaki na viberiti, mabeseni ya bati na picha ya Yesu akibisha hodi. Duka likiwa tupu, alikuwa na muda mwingi wa kunichunga. Sisi tulikuwa Walutheri, lakini saa yangu ya kuwa ndani ya nyumba ilikuwa adhana ya magharibi. Ikianza "Allahu akbar" huko msikitini, mama mdogo alitoka mlangoni kuangalia kama nimeonekana kwenye kona ya Msimbazi. Nilikuwa na umri wa kupiga kura na kuendesha maabara, na nilikuwa nakimbia mtaani kushindana na muadhini.

Basi asubuhi moja akaingia ofisini bwana shamba kutoka wilaya ya pwani, kusini ya mji. Mtu mfupi, mchangamfu, viatu vina tope kavu, nami nililionea wivu lile tope. Alitaka seng'enge. Kijiji chake kimoja kilikuwa kinamalizwa na nguruwe mwitu: mihogo wanaipanda watu, wanaivuna nguruwe.

"Haipatikani kwa sasa," nikasema.

"Najua, dada. Nimekuja kusikia kwa masikio yangu." Akaweka gunia juu ya meza yangu. "Sasa niangalizie na hiki. Nimesikia wewe umesomea miti."

Ndani kulikuwa na vipande vya mmea utambaao, shina lina miiba, majani yamekauka na kupukutika, na maganda yaliyojaa miiba mwili mzima kama nungunungu wadogo waliojikunja. Nilipolipasua moja kwa rula, zikadondoka mezani mbegu mbili za kijivu, zikagonga mbao kama mawe.

"Huko ufukweni umeota wenyewe," akasema. "Ukijifunga mahali, hata nyati harudii kupita. Nimewaza: kama seng'enge hakuna, tupande hii. Lakini nikichukua vipande nikipanda vinakufa, na mbegu nikifukia hazioti. Nataka kujua unaitwaje, na unaoteshwaje. Nahitaji miche kabla ya masika. Mvua ikianza sina miche, wakubwa wangu wameshasema tupande mkonge."

"Na mimi nikiweza?"

Akaangalia chumba: mafaili, dirisha lisilofunguka, kalenda ya mwaka uliopita. Nadhani alielewa.

"Ikiota, nakuombea uhamisho. Nahitaji mtu wa vitalu. Nitakuja mwenyewe kumwambia mkuu wako."

Nilikuwa na tabia ya kuuliza hata pale nilipopaswa kushukuru. "Hao watu wa kijijini, nani aliwauliza kama wanataka kukaa hapo?"

Akacheka, lakini alitazama mlango kwanza. "Dada, wewe niulize ya miche."

Ndivyo nilivyoishia barazani na mbegu kiganjani, nikiuliza kama kuna anayezijua. Walizijua wote. Walijua jina, walijua ukimwaga nyingi kwenye shimo zinalia vipi, walijua ile iliyochongoka na ile ya duara. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuona mmea wake, kwa hiyo wakaamua kuwa hauko. Mimi nilikuwa na mmea usio na jina, wao walikuwa na jina lisilo na mmea, na bado hatukuelewana.

Nilijisemea kwamba ikiwa tunda la mwembe ni embe, basi mti wa komwe ni mkomwe. Lakini sikuwa mtu wa kuamini kitu kwa sababu kinasikika vizuri. Kwenye vitabu vyangu nilikuta mimea miwili ya pwani inayofanana kama mapacha, yote ya miiba, yote ya kutambaa. Mmoja mbegu zake ni za kijivu, mwingine ni za manjano; na ule wa kijivu, pale kikonyo cha jani kinapoungana na shina, una vijani viwili vya ziada kama masikio. Rangi peke yake haikunitosha, kwa sababu mbegu ikikaa juani huchujuka, na gunia la bwana shamba halikuwa na masikio hayo, kila kitu kilikuwa kimesagika. Na sikutaka kuandika jina kwenye karatasi, kijiji kizima kipande, kisha iwe siyo. Tena nilihitaji mbegu nyingi zaidi. Ilinibidi niende nikauone ukiwa hai.

Jumapili moja nikavaa gauni la kanisani, nikachukua kikapu na kitabu cha nyimbo, nikatoka na kila mtu. Kwenye kona nikawaambia ninapitia kwa rafiki, tutakutana ibadani. Nikaenda Kivukoni, nikapanda pantoni, nikavuka Kigamboni. Maji yalipokuwa yanapanuka kati yangu na mji nilihisi kifua kinafunguka. Ni njia fupi mno, kivuko kile. Nilitamani kiwe cha siku nzima.

Nilitembea ufukweni mpaka nyumba zikaisha. Kwenye mstari wa magugu ya baharini yaliyoachwa na maji niliokota komwe moja, kisha nyingine, zimelala pamoja na vifuu na vipande vya ndala. Kumbe fundi hakuwa anatunga. Bahari huzileta kweli. Lakini juu kidogo, pale mchanga unapokutana na vichaka, nikauona. Ulikuwa umepanda juu ya vichaka vyote na kuvifunika kama shuka, maua ya manjano yamesimama, maganda ya miiba yananing'inia. Nikainama kutafuta kikonyo cha jani. Masikio yalikuwepo, mawili mawili, mazuri kabisa. Nikapiga kelele ya furaha peke yangu.

Kisha nikanyoosha mkono ndani kuchuma maganda, na mkomwe ukanishika.

Miiba yake imepinda kuelekea nyuma, kama ndoana. Ukiingia haikugusi. Ukitaka kutoka ndipo inapokumbuka kazi yake. Nilivuta mkono, ukashika mkono wa gauni. Nikageuka kuutoa, ukashika mgongo. Nikainua kichwa, nywele zangu, ambazo enzi hizo nilikuwa nimeziacha zisimame duara kubwa, zikaingia zote. Kadiri nilivyovuta ndivyo matawi mengine yalivyosogea kuja kusaidia. Jua lilikuwa la utosini. Hakukuwa na mtu. Nikasimama pale nimeinama, komwe ndani ya mkomwe, na jambo la kwanza lililonijia ni kwamba fundi angelipa kuiona picha hii. La pili ni kwamba pantoni haisubiri.

Sijui nilikaa hivyo muda gani. Nililia kidogo, hasira zaidi kuliko maumivu. Halafu nikaangalia ule mwiba uliokuwa karibu na jicho langu, namna ulivyopinda, na nikaona kwamba ili uniachie sipaswi kuuvuta, napaswa kuusukuma. Yaani ili nitoke ilinibidi kwanza niingie zaidi. Nikasogea mbele, katikati ya miiba, polepole, nikichomoa ndoana moja baada ya nyingine, kila moja kwa upande ilikotokea. Nilitoka nikiwa na kikapu kimejaa maganda na gauni limechanika kuanzia bega mpaka kiunoni.

Adhana ilinikuta Mnazi Mmoja. Mama mdogo alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, mama mdogo."

Hakuitikia. Aliangalia gauni, akaangalia nywele, akaangalia kikapu. "Ibada imekuwa ya mieleka leo?"

"Ni miiba."

"Miiba ya kanisani?"

Baba mdogo akatoka dukani, miwani juu ya kipara. "Na huyo mwiba," akauliza taratibu, "ana jina?"

"Anaitwa mkomwe."

"Anakaa wapi?"

"Kigamboni."

Ilinichukua sekunde kuelewa kwamba tulikuwa tunazungumza habari mbili tofauti. Nikamwaga maganda sakafuni, nikapasua moja, nikawaonyesha mbegu. Mama mdogo alizitazama kwa huzuni, kama mtu anayeona jinsi mwongo alivyojitaabisha kutafuta uongo wake. Hukumu ikatoka kabla ya chakula cha usiku. Kuanzia siku hiyo nilikwenda ofisini nikarudi, na Jumapili nilikaa benchi moja na mama mdogo, upande wa ukutani.

Kwa hiyo nilibaki na uani. Nilikusanya makopo ya mafuta ya kupikia yaliyotupwa, nikatoboa vitako, nikajaza mchanga na samadi ya kuku, nikazilowesha mbegu kwa maji ya moto kama nilivyofundishwa, nikapanda. Nikasubiri. Nilimwagilia kabla ya kazi na baada ya kazi. Nilizifukua kuziangalia, zikawa zile zile, kijivu, kavu ndani ya udongo unyevu, kama zimelala hoteli. Nikachemsha maji zaidi. Nikalowesha usiku kucha. Hakuna.

Fundi aliniuliza kila siku nilipopita. "Zimeota?"

"Bado."

"Basi ota wewe, msomi. Ulale, uote uko shambani."

Joto lilikuwa linaongezeka, lile la kabla ya masika, ambalo Kariakoo hulihisi mpaka kwenye vitasa vya milango. Ofisini niliandika haipatikani kwa sasa. Kila nikiandika nilikuwa naona mvua inakuja kutoka kusini na lori la miche ya mkonge limeitangulia. Nilianza kufikiri kwamba labda fundi ndiye aliyesema kweli. Chuo kizima, vitabu vyote vile, na sikuweza kuthibitisha kwamba kitu nilichokishika mkononi kina uhai.

Gauni lilibaki bila kushonwa mpaka mama mdogo akaniambia siwezi kwenda kanisani na gauni moja kila wiki. Nikalipeleka barazani. Fundi alilikunjua, akakuta mwiba mmoja umebaki kwenye upindo, akautoa kwa kucha na kuutazama.

"Mtu gani huyu ana kucha za hivi?"

"Huo ndio mti wa komwe. Ule usiokuwepo."

Akatikisa kichwa. Lakini alikuwa na furaha siku hiyo, kwa sababu yangu kwa kweli. Seti yake ya bao ilikuwa na upungufu wa kete moja kwa miaka, na mahali pake alikuwa anatumia kifungo cha koti. Mimi nilimpa komwe moja mpya ya Kigamboni, ikakaa mahali pa kifungo. Sasa, huku akinisimulia habari ndefu ya mteja aliyekataa suruali kwa sababu imemtosha, aliichukua ile komwe mpya akawa anaisugua kwenye sakafu ya saruji ya baraza, mbele na nyuma, mbele na nyuma, bila kuitazama. Nikafikiri ni mazoea ya mikono. Habari ilipofika mwisho akanishika kiwiko kwa upole.

"Komwe," akasema, "pokea salamu za mwenzako."

Akanigusisha nayo mkononi. Ilikuwa ya moto kama kijinga cha mkaa. Niliruka, nikapiga ukelele uliowatoa watu madukani. Wenzake wa bao walicheka hadi mmoja akashika nguzo. Ni mchezo wa watoto wa pwani, wanauchezeana wakiwa na kaptura. Sisi wa milimani hatukukua nao. Nilimnyang'anya ile komwe nikaitupa kwa nguvu zangu zote, ikaangukia mfereji wa maji machafu unaotoka kwenye bomba letu kwenda mtaani. Nikaingia ndani na alama nyekundu mkononi.

Kesho yake nilifikiri ataomba radhi. Yeye alinidai kete yake.

"Unataka nirudi kwenye kifungo?"

"Rudi."

"Msomi, urithi umeuharibu. Hata mama mdogo wako nitamwambia."

Siku ya tatu ya kudaiwa nilikosa raha, nikachukua kijiti nikaanza kukoroga mfereji. Niliikuta chini ya tope, karibu na mdomo wa bomba, na nilipoishika nilidhani si yenyewe. Ilikuwa imevimba karibu mara mbili. Ukucha uliingia. Nikaipeleka barazani ndani ya kiganja.

Fundi akaigeuza. "Komwe gani hii? Ina mimba?"

Wote wakasogea. Upande mmoja ilikuwa na ubapa, pale saruji ilipokula ganda mpaka rangi nyeupe ya ndani ikaonekana; na pembeni ya ubapa huo ganda lilikuwa limeanza kupasuka. Nilikaa chini kwenye baraza, mahali ambapo wanawake hawakai. Ganda zima haliruhusu maji. Haijalishi ni ya moto au ya baridi, ya bahari au ya mbuzi. Ndani mbegu iko kavu na hai, inangoja mtu aitie jeraha. Nilikuwa nimezilowesha usiku kucha zikiwa zimejifungia.

"Ndiyo maana haioti," nikamwambia fundi. "Haijui kama mvua imenyesha."

Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. "Babu yangu," akasema polepole, "alitukataza tusizisugue hizi za bao. Alisema zitaharibika." Kisha akaikumbuka nafsi yake. "Lakini kete yangu bado nakudai."

Nilisugua siku kadhaa, uani, kwenye sakafu ya bomba. Za kwanza nilizimaliza mno, nikafika kwenye kiini, zikaoza. Nilijifunza kuacha pale tu weupe unapochungulia. Vidole viliungua, mama mdogo akawa anauliza ndani ya chumba, "Unanoa nini tena?" Nikazilowesha, zikavimba, nikazirudisha kwenye makopo. Na asubuhi moja, kabla ya ofisi, mchanga wa kopo moja ulikuwa umeinuka katikati kama mtu anainua shuka kwa kichwa. Jioni yalikuwa mawili. Kisha ua wote ukawa na vichwa vya kijani. Mpangaji mmoja mama wa Kihindu aliyekuja kuteka maji aliyatazama makopo, akasema kwao wanazisaga komwe kwa dawa ya homa, na yeye pia hakuwahi kuziona zikiwa na majani.

Nilifungasha sanduku. Sikumwambia mtu. Nililisukuma chini ya kitanda na kila usiku nikikaa kitandani nilikihisi kishikio chake kwa kisigino.

Bwana shamba alikuja siku ambayo mawingu yalishakuwa mazito. Nilimwomba mkuu wangu ruhusa ya saa moja, tukapanda Landrover yake mpaka Kariakoo. Alipoona makopo alipiga makofi. Akainama, akaugusa kila mche, akachomwa, akafurahi kuchomwa.

"Umefanyaje, dada? Niambie."

Nikamwonyesha. Nilichukua komwe moja, nikakaa barazani, nikaisugua, nikamwonyesha ule weupe, nikaitia kwenye kikombe cha maji. Haikuchukua muda wa kunywa chai. Akanyang'anya nyingine akajaribu mwenyewe, akiwa amechuchumaa na kalamu zake mfukoni, akasugua, akaungua, akacheka.

"Ni hivi tu?"

"Ni hivi tu."

"Yaani hata watoto wa shule wanaweza."

"Bwana shamba," fundi akasema kutoka kwenye cherehani, "mvumbuzi ni mimi. Ukiomba uhamisho, omba wangu."

Walicheka pamoja. Makopo yakapakiwa, na kikapu changu chote cha komwe. Aliponishukuru alinishika mkono kwa mikono yake miwili, na hapo nikajua, lakini niliuliza hivyo hivyo.

"Na habari ya uhamisho?"

Hakuwa mtu mbaya. Aliinamisha uso. "Dada yangu, nitaandika nini? Kwamba nahitaji mtu wa digrii wa kusugua komwe kwenye saruji? Mkurugenzi atanicheka. Ingekuwa kazi ngumu ningekuombea." Akafungua mlango wa gari. "Wewe umeirahisisha."

Alinirudisha ofisini. Mvua ilianza tukiwa njiani, matone makubwa kwenye kioo, na nyuma yangu miche ilikuwa inayumbayumba kuelekea huko nilikotaka kwenda. Mezani nilikuta barua mpya, kijiji kinaomba seng'enge. Nikaingiza karatasi kwenye taipureta.

Kulikuwa na kopo moja walilolisahau nyuma ya bomba. Baba mdogo ndiye aliyeliona, akauliza kama kweli ule mmea unazuia hata nyati, nikasema ndivyo wanavyodai. Miezi ile wezi walikuwa wamesumbua uchochoro wa nyuma. Akauchukua mche, akaupanda mwenyewe, kwa mikono yake, chini ya dirisha langu. Mwaka wa pili ulikuwa umefika kwenye nondo. Mwaka wa tatu, nikitaka kufungua dirisha, nilitumia kijiti. Nilikaa chumba kile mpaka mkomwe ulipotoa maua ya kwanza, na nilipotoka hatimaye ilikuwa kwa sababu shirika lilivunjwa, si kwa sababu kuna aliyeniruhusu.

Miaka mingi baadaye, nikitafuta sweta Mchikichini kwenye rundo la mitumba, niliongea na mama muuzaji, na katika kuulizana kwetu akataja alikokulia. Kilikuwa kijiji kile cha bwana shamba. Nikamwuliza kuhusu ua wa miiba.

"Wewe umeujuaje?" akashangaa. Akaniambia walipewa miche, wakaambiwa wasugue mbegu na kupanda, wakasugua, wakapanda, ukaota kuliko kitu chochote walichowahi kupanda. Ulizunguka shamba lote la kijiji. Na siku amri zilipolegea, watu walirudi kwao kwa zamani, mmoja mmoja, mpaka kijiji kikabaki kitupu. Hakuna aliyerudi kuukata, kwa sababu haukatiki.

"Kwa hiyo ndani hakuna kitu," nikasema.

"Kuna," akasema, akinikunjia sweta. "Nguruwe. Walikuwa ndani ua ulipofunga, na mihogo ilibaki humo. Wawindaji hawawezi kuingia. Mpaka leo wanazalia humo."